Kiwe Laini

Fundi simu hakuwahi kushindwa na kitu chenye betri. Simu iliyotumbukia kwenye ndoo ya maji aliifufua. Simu iliyokanyagwa na lori aliihangaikia mpaka ikaita, ingawa mwenyewe alikiri kwamba ilikuwa inaita kwa kulialia. Lakini kile kiumbe cha miezi minane kilichokaa mbele yake mkekani, kinatafuna mfuniko wa sufuria, kilikuwa kimemshinda, na hakikuwa na skrubu popote ili akifungue kutazama ndani.

Mtoto huyu walimwita Bosi. Tangu azaliwe, nyumba nzima iliamka alipoamka na kunyamaza alipolala, sasa ungemwita nani? Bosi alikula mara nne kwa siku. Bakuli lilirudi jikoni limelambwa. Na juu ya mizani ya kliniki Bosi alibaki pale pale: alipotimiza miezi sita, kilo saba, miezi saba, kilo saba na kidogo, miezi minane, kilo saba kavu. Ule mstari wa kwenye kadi, uliokuwa ukipanda vizuri tangu kuzaliwa, ulikuwa umejilaza.

"Baba," nesi alimwuliza Fundi, "huyu mtoto mnamlisha nini?"

"Chakula, Sista."

"Chakula gani?"

Fundi akahesabu kwa vidole: kiazi, boga, ndizi mbivu, maharage yaliyochemshwa yakatolewa maganda, yai lililoiva, na tone la mafuta juu. Fungu la mtoto analitoa kwenye sufuria ya nyumbani kabla chumvi haijaingia. Sukari hakuna. Kopo la dukani hakuna. Nesi akamtazama kama mtu aliyemkamata mwizi, kisha mwizi akatoa risiti.

"Vyote sawa," akasema. "Sasa vinakwenda wapi?"

"Hilo na mimi nilitaka kukuuliza wewe, Sista."

Nesi hakucheka. Akaandika tarehe kwenye kadi. "Nawapa wiki mbili. Mje naye, na mje na chakula chake kama anavyokula, nikione kwa macho. Asipopanda namwandikia akalazwe hospitali kubwa, wampime damu, wampime kila kitu."

Jioni ile mke wa Fundi aliporudi kazini aliisoma kadi mara mbili akiwa bado amesimama mlangoni na mkoba begani. Alikuwa mshonaji kwenye kiwanda cha sare za shule, mwezi wa pili wa majaribio, umebaki mmoja apewe mkataba. Kazi hiyo aliisubiri miaka minne. Akaiweka kadi juu ya kabati, polepole, kama kitu cha moto.

"Wiki mbili," akasema. "Asipopanda, naacha kazi."

"Mama Bosi, subiri kwanza..."

"Nisubiri nini? Nishone sare za watoto wa watu, wangu anakauka?"

Swali lile lilimlenga Fundi. Maana ni yeye aliyesema, tena mbele ya watu, "Nenda kazini, mtoto niachie mimi, si niko hapa hapa kibarazani?" Watu walicheka siku ile. Mwanamume apike vya kuponda! Naye akawajibu kwamba anayeweza kushika waya mwembamba kama unywele hashindwi na kiazi. Sasa kiazi kilikuwa kimemkalia kooni, na aibu ilimpata mpaka masikio yakamchoma.

Tukitaka kuelewa mambo yalivyovurugika lazima turudi nyuma, siku Bosi alipotimiza miezi sita. Walikwenda kliniki watu wazima watatu: Fundi, mkewe, na mama mkwe aliyekuja kusaidia malezi. Foleni ilikuwa imetoka nje mpaka barabarani. Nesi, maskini, alikuwa na watoto sitini wa kupima na sauti imeshaanza kumkauka, akasema maneno yake upesi upesi: maziwa ya mama yaendelee, chakula kianze, vya nyumbani vinatosha, na kiwe laini. Anayefuata!

Kiwe laini. Neno moja tu. Fundi mwenyewe laini alizozijua vizuri zilikuwa zile za kusajili, lakini si mjinga, alielewa: kipondwe, kisiwe na bonge. Basi. Wengine wawili nao wakatikisa vichwa, wameelewa. Watu watatu wakarudi nyumbani na neno moja, kila mmoja ana lake, na hakuna aliyemwuliza mwenzake.

Utaratibu wa nyumba ulikuwa hivi. Fundi aliamka mapema, akachemsha, akaponda kwa mwiko mpaka mkono ukafa ganzi, akajaza bakuli kubwa, akalifunika, akatoka kibarazani kufungua meza yake ya simu. Mkewe alijiandaa jikoni, akabusu mtoto, akakimbilia kazini. Kulisha ilikuwa kazi ya mama mkwe, chumbani kwake, na Fundi, kama mkwe mwenye adabu zake, hakuwa mtu wa kuchungulia chumba alichokaa mama wa mkewe na kanga moja. Alisikia tu kijiko kikigonga bakuli na sauti ikisema, "Haya, la mwisho, la mwisho kabisa," halafu bakuli likatoka jeupe.

"Amekula, Mama?" angeuliza akiwa ameinamisha macho kwenye simu ya mtu.

"Amekula, mwanangu. Wote kaumaliza."

Kaumaliza nini? Fundi hakujiuliza kwa nini mama mkwe anakitaja chakula kama uji. Mtu akiwa na akili nyingi hukosa ya karibu.

Basi zile wiki mbili Fundi akamfanyia Bosi kama anavyofanyia simu isiyoshika chaji: badilisha kitu kimoja, pima, badilisha kingine, pima. Akabadilisha muuza viazi. Akabadilisha sufuria, labda ile ya zamani ina kutu. Akaongeza karanga zilizosagwa kwenye boga. Akaongeza yai, la pili likamfanya Bosi ajisaidie hadi mgongoni, akalipunguza. Kila siku chakula kilizidi kuwa kizito, mwiko ukasimama peke yake katikati ya bakuli, na kila siku Bosi alilia saa moja baada ya kula, analia kilio cha njaa, kidole kinywani.

"Meno hayo," akasema mama mkwe.

"Tumbo hilo," akasema mkewe.

Fundi hakujua ni nini. Siku ya nne wazo likamjia: mizani! Mizani ya kliniki ni mbovu! Akamfunga Bosi mgongoni mchana kweupe akaenda naye gengeni kwa muuza vitunguu.

"Nipimie huyu."

Muuza vitunguu akamtazama Bosi, Bosi akamtazama muuza vitunguu. "Fundi, mimi binadamu sipimi. Nikipima leo huyu, kesho wataniletea mke."

"Nipimie, ndugu yangu, mambo yangu yako pabaya."

Wakatoa vitunguu, wakatandika kanga, wakamkalisha Bosi kwenye sinia ya mizani. Akashika nyororo kwa mikono miwili na kucheka. Kilo saba.

"Labda na yangu mbovu," muuza vitunguu akasema kwa huruma.

"Kwani huwa unaichezea?"

"Huwa nainamisha kidogo," akakiri, "lakini kwa kuongeza, si kwa kupunguza."

Fundi akarudi nyumbani kichwa kinamzunguka. Kumbe hata kilo saba zenyewe huenda hazikufika! Halafu kuna jambo jingine lililomtatiza: nepi. Bosi alikojoa kama amelipwa. Kamba ya nguo ilijaa nepi upande huu na upande ule, zinachuruzika tangu asubuhi, na ndani ya nepi kulikuwa na mkojo tu, haja kubwa siku mojamoja, tena kidogo kama punje. Mtoto anayekula viazi na maharage! Fundi alisimama mbele ya kamba ile, ndoo mkononi, akihesabu kilichoingia na kilichotoka, na hesabu haikukubali. Na kama hiyo haitoshi, mkewe, anayelala na mawazo na kuamka na mawazo, alikuwa ananenepa. Sketi ya sare ya kazi ilikataa kufunga kifungo. Mtoto anakonda, mama ananawiri. Fundi alimtazama akifunga pini ya usalama mahali pa kifungo, akarudi kwenye nepi zake, maana swali kama hilo mume mwenye busara haulizi.

Jumamosi ya kliniki ikafika. Wote watatu wakaenda. Fundi alikuwa amepika kama mtu anayefanya mtihani: kiazi, maharage, tone la mafuta, kijani cha mchicha kilichosagwa. Akajaza bakuli, akafunika, akaenda kuvaa shati. Mkewe akabaki jikoni kidogo. Mama mkwe naye akabaki jikoni kidogo. Halafu bakuli likafungwa kwenye kitambaa, safari ikaanza.

Kilo saba kasoro kidogo.

Mke wa Fundi alikaa kwenye benchi ghafla. Hakulia. Alimvisha Bosi shati nyuma mbele na kulifunga vifungo vyote vibaya.

"Nipeni hicho chakula," nesi akasema.

Akafungua bakuli, akachota kijiko, akakiinamisha. Chakula kikamwagika chote mara moja, chwa, kijiko kikabaki kinang'aa. Akachota tena. Chwa. Kilikuwa maji ya rangi ya kijani yenye harufu nzuri sana ya maharage.

"Baba," nesi akasema polepole, "hiki ndicho ulichosema kina kiazi, na maharage, na mchicha, na mafuta?"

Fundi alitumbua macho. Akalichukua bakuli, akalitikisa, akalinusa, akatazama chini yake kama labda lina tundu. "Sista, wallahi hiki sicho nilichopika! Mimi nimepika kitu kinachosimama! Mwiko unasimama!"

"Basi kimelegea njiani?"

"Sijui! Sijui, Sista. Mimi naona nachanganyikiwa."

Kisha mkewe, bila kuinua uso, akasema:

"Mimi nakichuja."

"Unafanya nini?"

"Nakichuja. Kwa chujio la chai. Sista alisema kiwe laini. Wewe ukiponda huwa kuna vipunjepunje, na sikutaka kukuudhi, unavyojitahidi vile. Kwa hiyo kila asubuhi ukitoka nakipitisha kwenye chujio."

"Na kinachobaki kwenye chujio?"

Akaivuta ile sketi magotini. "Nakila mimi. Ningekitupa? Ni chakula."

Nesi akaanza kukuna paji la uso. Lakini alikuwa hajasikia yote, kwa sababu mama mkwe naye alikuwa ameivuta kanga yake mpaka nusu ya uso, na kutoka mle ndani ikatoka sauti ndogo:

"Na mimi natia maji."

"Mama!"

"Ya moto. Ya kwenye chupa. Kikombe kimoja... siku nyingine viwili. Laini si ni kile kinachoteremka? Nikaona bado kizito. Sasa mkwe wangu anaamka alfajiri kumpikia mjukuu wangu, mimi nimwambie nini? Kwamba hajui? Nikaona nirekebishe tu, kimya kimya."

Wahenga walisema mwenzio akinyolewa, zako tia maji. Hawakusema mwenzio akipika. Miezi miwili Fundi alikuwa anatwanga maji kwenye kinu na hajui: akiongeza uzito huku, huyu anautoa kwa chujio, yule anauzamisha kwa chupa ya chai, na kila mmoja anafanya kwa siri ili asimvunjie mwenzake heshima. Heshima ilijaa nyumba ile mpaka mtoto akakosa pa kula.

Nesi alivuta pumzi ndefu. Alikuwa na haki ya kufoka, na pengine siku nyingine angefoka, lakini alichota tena lile bakuli akawaonyesha. "Kosa na langu. Neno laini peke yake halitoshi. Sikilizeni. Laini maana yake hakina bonge. Lakini kiwe kizito. Ukikiinamisha kijiko, kikae. Kikikimbia kutoka kwenye kijiko, kitakimbia na tumboni. Tumbo lake ni dogo kama ngumi yake. Mkilijaza maji, chakula kitakaa wapi? Hakuna kuchuja. Hakuna maji ya chupa. Nawaongeza wiki mbili, na huu ndio mwisho."

Sasa nitakwambia mapema, usije ukakaa roho juu: baada ya wiki mbili hizo mizani ilisema kilo saba na nusu, nesi akapigia mstari chini yake mara mbili, na mke wa Fundi hakuacha kazi. Iko kwenye kadi. Lakini nusura isiwe hivyo, na kilichotaka kuizuia hakikuwa chujio wala chupa.

Mchana ule ule waliporudi, Fundi alipika upya. Kiazi, maharage, mafuta. Akaleta bakuli sebuleni, akakiinamisha kijiko mbele ya wote wawili. Kikakaa. Akamnyoshea mama mkwe kijiko, kwa mikono miwili, kwa adabu, kwani kulisha ilikuwa heshima yake na hakutaka aone amenyang'anywa.

Mama mkwe hakukipokea.

"Weka maji kidogo," akasema.

"Mama, Sista amesema..."

"Kidogo tu, mwanangu. Kijiko kimoja."

"Mama jamani!" binti yake akadakia, na miezi miwili ya hofu ikamtoka kwa mkupuo. "Si umesikia kwa masikio yako? Unataka akalazwe? Unataka niache kazi? Hivi una nini wewe?"

Fundi akashtuka, maana mkewe hakuwa mtu wa kumpandishia mama yake sauti. Mama mkwe alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyosha, anamtazama Bosi shingoni. Si usoni. Shingoni. Mikono yake alikuwa ameificha chini ya kanga.

"Kitamkaba," akasema.

"Hakiwezi kumkaba, Mama," Fundi akasema taratibu. "Nimekiponda. Hakuna bonge. Kishike mwenyewe uone."

"Hata kile niliona hakina bonge."

Fundi na mkewe wakatazamana. Hawakuelewa.

"Kipi, Mama?" mkewe akauliza.

"Kilikuwa kiazi hiki hiki. Niliponda kwa uma. Nilikuwa na haraka, nilikuwa naitwa nje. Kipande chenyewe hakikufika hata ncha ya kidole." Akasema kwa sauti ile ile anayoulizia kama nguo zimekauka. "Nikamlaza kifudifudi, nikampiga mgongoni, nikampiga. Baba yako akaenda kutafuta gari. Aliporudi na gari nikamwambia lirudi tu."

"Alikuwa nani?" mkewe akauliza. "Mama, alikuwa mtoto wa nani?"

"Wangu."

"Lini? Mama, mimi si kifungua mimba wako?"

"Wewe ni wa pili."

Mke wa Fundi alibaki mdomo wazi. Miaka thelathini na moja ameitwa kifungua mimba, ameitwa hivyo kwenye harusi yake, ameitwa hivyo na mama huyu huyu mbele ya wageni. Alimtazama mama yake kana kwamba ameingia nyumba isiyo yake. Hakujua aanze kuuliza kipi, akakaa chini kwenye mkeka, karibu naye, bega kwa bega.

Bosi hakuwa na habari na hayo. Alikiona kijiko, akapiga mkeka kwa viganja viwili na kufoka kwa lugha yake. Fundi akajua kwamba akimlisha yeye sasa hivi, mtoto atakula leo na kesho na mama mkwe ataendelea kutia maji popote atakapopata nafasi, kwa maana hofu ya namna ile haitolewi na nesi. Akasogea. Akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya: alimshika mama mkwe mkono, akautoa chini ya kanga, akamwekea kijiko kiganjani, na hakuuachia. Mkono ule ulikuwa wa baridi.

"Tumpe wote, Mama. Nusu kijiko. Niko hapa."

Wakampa. Bosi akakifinya kwa fizi, akakizungusha, kidogo kikamtoka kidevuni, akakivuta tena. Shingo ikapanda, ikashuka.

"Amemeza," Fundi akasema.

"Ngoja."

Wakangoja. Nje mtu aliita, "Fundi! Fundi, simu yangu tayari?" na Fundi hakujibu. Mama mkwe alikuwa hapumui. Bosi aliwatazama mmoja mmoja, hawa watu wana nini, kisha akaachama kinywa kama mlango na kukiacha hivyo hivyo wazi.

Mama mkwe akauchomoa mkono wake kwa Fundi. Akachota mwenyewe, kijiko kizima safari hii, akakiinamisha kuona kama kitakaa. Kikakaa.

"Alikuwa wa kike," akamwambia binti yake, macho yakiwa kwa Bosi. "Na viazi alikuwa anavipenda sana."